Siku Mtani Alipokosa Tusi

Mwezi uliopita binti yangu alirudi kutoka shuleni na chupa ndogo ya dawa ya kuchua misuli. Amejiunga na timu ya kikapu. Akaifungua palepale mezani, tunakula, na ile harufu kali iliponifikia nikasukuma sahani pembeni. Mume wangu akaniuliza kama nina mimba. Sina mimba, na nilimjibu vibaya, lakini wakati huo sikuwa mezani tena. Nilikuwa uani kwetu Kihonda, namwona mama yangu akimpiga mjomba kiwiko cha mbavu kwa hasira zake zote, na mjomba anacheka huku damu inamtoka puani.

Kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na mwenye sauti juu yake ni mjomba. Baba yangu alikuwepo, kisha akawa hayupo, na sikumbuki kuona pengo, kwa sababu pengo lenyewe lilijazwa na mwanamume aliyelazimika kuinama kwenye kila mlango wa nyumba yetu. Mjomba Mkude alikulia Mgeta, akibeba matenga ya kabichi kwenye njia za milimani hadi yaliposimama malori. Aliteremka mjini akapata kazi ya kupakia magunia kiwandani, na huko ndiko kocha mmoja alikomwona. Siku ninazozisimulia alikuwa analipwa kucheza kikapu katika timu ya mjini kwetu, kwenye ligi kubwa ya nchi. Alicheza senta, mlinzi wa chini ya ringi. Kufunga hakujua na hakutaka kujua. Kazi yake ilikuwa kumharibia mtu siku.

Jumapili mchana alinichukua hadi kwenye banda la video lililokuwa na dishi, ambako walionyesha marudio ya ligi ya Marekani. Banda lilijaa vijana wanaopiga mayowe kila mpira ukiingia. Mjomba hakupiga mayowe. Alikaa nyuma ili asiwazibe watu, mimi mapajani mwake.

"Usiangalie mpira," aliniambia. "Mpira unawapumbaza hawa. Mwangalie yule mrefu aliyesimama chini ya ringi, anayeonekana hana kazi."

Nikamwangalia. Kazi alikuwa nayo. Kabla mfungaji hajapewa mpira, lile jitu lilikuwa limeshamwegemea, mkono umekazwa kiunoni mwake, linamsogeza. Mfungaji anataka kusimama hapa; jitu linamwambia hapana, simama pale, nyuma kidogo. Mfungaji anarudi, jitu linamsubiri na kifua. Wakigombana hivyo, wenzao wanapitisha mpira upande mwingine na hakuna mtazamaji hata mmoja anayewaona.

"Mfungaji mkubwa hazuiwi," mjomba alisema. "Anayekwambia atamzuia ni mwongo. Unampunguza tu. Kila kikapu anachopata, hakikisha kimemuuma. Akijifanya anarusha, usiruke. Wanaoruka ni wale wanaotaka kupigiwa makofi. Wewe kaa chini, mbebeshe uzito wako. Mwishoni mikono yake inakuwa mizito, anaanza kurusha kutoka mbali, anaanza kukutafuta wewe badala ya ringi. Hapo umeshamla."

Nilichoelewa mimi ni kwamba mjomba wangu analipwa kwa kuumiza watu. Nilijivunia sana. Shuleni niliwatisha wenzangu kwa jina lake, na mtoto mmoja aliposema mjomba wangu ni chongo nilimng'ata mkono mpaka mwalimu akanitoa kwa fimbo.

Lile la chongo lilikuwa na ukweli wake. Katika mchezo mmoja wa nyuma, mjomba alipigwa kiwiko kwenye jicho la kushoto, akakaa wiki nzima gizani na kitambaa usoni. Daktari alimwita mama akamweleza kwamba ndani ya jicho kuna kitu kama pazia, na pazia hilo limelegea. Pigo jingine litaliangusha, na likianguka halirudishwi. Mimi nilisimama nyuma ya kitenge cha mama nikiwaza kipazia kidogo cha maua kinachoning'inia kwenye uzi. Kuanzia siku hiyo sikumpigia mjomba kelele karibu na uso.

Mama alidhani kikapu kimekwisha. Mjomba akapumzika, akaanza kukimbia asubuhi, akarudi mazoezini, na mama akavumilia mpaka aliposikia nani anakuja. Timu yetu ilikuwa mkiani. Ikishindwa mchezo wa mwisho inashuka daraja, na mjomba anarudi kwenye magunia. Timu inayokuja ilikuwa ya Dar, na ndani yake alikuwemo Maganga, Mnyamwezi wa Tabora, mfungaji ambaye msimu ule wote hakuna timu iliyompatia dawa. Alifunga anavyotaka, mpaka akawa anacheka huku anafunga.

"Huchezi," mama alisema.

"Nacheza."

"Mkude, jicho si kabichi. Halioti tena."

"Dada, nimezuia watu miaka yote hii, hakuna anayejua jina langu. Nikimpunguza huyu mara moja tu, nimemaliza. Sitakuomba kingine."

Mjomba alikuwa kaka mkubwa, na mama hakuwa na mamlaka ya kumkataza. Basi akafanya jambo ambalo ni mama yangu pekee angelifanya. Akafunga kitenge chake vizuri kiunoni, akatoka uani, akasema, "Haya. Mimi ndiye Maganga. Nizuie."

Mama hakuwa mrefu, lakini alikuwa mwanamke wa kupanda lori la mboga Mgeta na kuteremka nalo Dar akiwa amekaa juu ya magunia, na mgongo wake ulikuwa mgumu kama benchi. Kila jioni kabla ya magharibi alimpa mjomba mgongo, akamsukuma kuelekea ukutani, akageuka na viwiko. Mjomba alijifunga leso kwenye jicho la kushoto ajifunze kumsikia kwa mkono: kiganja mgongoni, mkono wa mbele kiunoni, miguu imepanuliwa. Mama akigeuka, anampiga. Akisimama, anampiga. Alimpasua mdomo. Alimtoa damu puani. Baadaye mjomba alikaa kwenye kigoda bila shati, na mimi nikampaka ile dawa ya kuchua mpaka macho yakaniwasha. Nilifikiri mama anamsaidia kujiandaa. Nilipokuwa mtu mzima ndipo aliponiambia alikuwa anatafuta ubavu. "Nilitaka kumvunja mmoja tu," alisema. "Ubavu unapona."

Haukuvunjika. Siku moja kabla ya mchezo, alasiri, mlango ulijaa mtu.

"Hodi nyie wala kabichi! Maiti yenu bado inapumua?"

Alikuwa Maganga. Nilimjua kwa mabega na kwa ile sauti ya mtu ambaye hajawahi kufukuzwa popote. Nikasubiri mama achukue mchi. Mama akacheka!

"Karibu mpagazi. Tua mzigo, maana nyie bila mzigo kichwani hamwezi kutembea."

"Nimekuja kuliona hilo jicho," Maganga alisema, akiketi bila kualikwa. "Kesho nalichukua. Nikifika Tabora nalipikia mchuzi."

"Lichukue," mjomba akajibu. "Litakuwa jicho la kwanza kwenu lenye akili."

"Na hilo la pili nalo nitarudi kulichukua. Utakaa sokoni na kopo, mimi nitapita nikutupie kifungo cha shati."

Wote watatu walicheka mpaka mama akajifuta machozi. Kisha akanituma jikoni nilete chakula, na juu ya sahani ya mgeni akaweka firigisi. Firigisi ya mjomba! Nyumbani kwetu hakuna aliyeigusa zaidi yake.

"Hujamwamkia mgeni," mama akaniambia.

"Shikamoo," nikasema nimeuma meno.

"Marahaba, Mluguru mdogo. Unanitazama hivyo unataka kuning'ata?"

Nilitaka. Hakuna aliyekuwa amenieleza kwamba Waluguru na Wanyamwezi ni watani, kwamba maneno hayo yalirithiwa na kila mmoja wao, na kwamba mtani akikutukana hukasiriki hata akiutukana msiba. Labda walidhani mtoto anazaliwa akijua. Nilichokiona mimi ni mtu aliyeingia nyumbani kwetu mchana kweupe, akatangaza kwamba atamng'oa mjomba wangu jicho, na mama yangu akamlipa firigisi. Sikupata usingizi kwa chuki.

Siku ya mchezo wingu lilishuka kutoka mlimani mapema likakaa juu ya mji bila kunyesha. Uwanja ulikuwa wa saruji yenye nyufa, watu wamejaa mpaka kwenye mstari. Wanafunzi walikuja kutoka Mzumbe na ngoma, wanawake wa sokoni walifunga vibanda vyao mapema, na mimi na mama tulikaa chini nyuma ya ringi, karibu kiasi cha kusikia pumzi.

Walianza kupigana kabla mpira haujawafikia. Maganga alikuja kuchukua nafasi yake ya kila siku, upande wa kulia karibu na ringi, akamkuta mjomba amesimama hapo kama mwenye nyumba. Akamsukuma. Mjomba akasogea kidogo, akarudi. Maganga akampiga bega la kifua, nikasikia ule mlio. Mjomba akaweka mkono kiunoni mwake akamkaza. Mpira ulipofika, Maganga alikuwa mbali na alipotaka, akarusha kwa hasira, ukagonga ringi ukatoka. Wanafunzi wa Mzumbe wakapiga ngoma.

Usidhani hakufunga. Alifunga. Aligundua mapema kwamba mjomba haoni vizuri kushoto, akawa anageukia huko kila mara, bila huruma, na mara nne tano alimwacha mjomba anashika hewa. Mjomba akaacha kumtafuta kwa macho. Nilimwona akiinamisha uso, akigandamiza paji la uso kwenye mgongo wa yule mtu, anamsikiliza kwa mikono. Kuanzia hapo kila kikapu kikawa ugomvi. Walikanyagana. Walivutana fulana. Goti lilimpata Maganga pajani akachechemea, kichwa kikampata mjomba kwenye taya, akatema kitu chekundu kwenye saruji na kukisugua kwa kiatu. Refa alipiga filimbi mpaka watu wakamzomea. Na mdomo wa Maganga, uliokuja ukicheka, ukafunga.

"Kachoka," mama alisema taratibu. Alikuwa amenishika mkono na alikuwa ananiumiza. "Mtazame mikono. Kachoka."

Kilichotokea kilitokea katika robo ya mwisho, mbele yetu kabisa. Maganga alipewa mpira akiwa ametupa mgongo, akageuka kushoto kama kawaida, na safari hii mjomba alikuwa ameshamtangulia. Aliingia mahali ambapo palitakiwa kuwa wazi. Kiwiko cha Maganga kilikuwa njiani tayari. Kilimpata kwenye jicho lilelile, na mlio wake haukuwa wa mfupa, ulikuwa mlaini. Mjomba alikaa chini. Damu ilipita katikati ya vidole vyake.

Refa akatoa ishara: faulo ya mjomba.

Mama alikuwa ameshavuka mstari. Alidhani wanamtoa. Lakini mjomba alikuwa anamwambia mtu wa huduma ya kwanza afunge, afunge tu, akaze. Walimzungushia bendeji kichwani ikawa nyekundu papohapo, wakaweka nyingine juu yake. Refa alisema damu ikitulia anaweza kurudi. Mama akampiga ngumi ya mgongo, ya kweli, mbele ya watu wote.

"Utakufa hapa?"

"Dada. Ngoja kidogo."

Alirudi. Timu yetu ilikuwa inaongoza kwa kikapu kimoja, muda umekwisha kasoro pumzi chache, na kila mtu uwanjani alijua mpira unakwenda kwa nani. Maganga alijifanya anarusha. Mjomba hakuruka. Akajifanya tena, kwa mwili mzima, hata mimi niliinuka. Mjomba hakuruka. Alisimama na bendeji yake, kifua kwenye ubavu wa yule mtu, anamsukuma nje, nje, kidole kwa kidole, mpaka Maganga akabaki na mahali pamoja tu pa kurushia, na hapo palikuwa mbali. Wapo wanaosema hadi leo kwamba Mnyamwezi alimhurumia mtani wake. Mimi nilikuwa pale. Alirusha kwa nguvu zake zote na kwa roho mbaya, na mpira haukufika hata kwenye ringi.

Watu waliingia uwanjani wakinikanyaga. Nilipopenya nikamkuta mjomba amelala, na Maganga amepiga magoti, amempakata kichwa.

"Amka, mbwa wewe!" alikuwa anapiga kelele. "Nani kakuruhusu kulala? Amka, mla kabichi, mvivu, amka!"

Alikuwa analia. Machozi na kamasi vilikuwa vinamdondokea mjomba kwenye bendeji. Nilisimama nikiwa nimeokota jiwe, na sikuelewa ninachokiona, maana maneno yalikuwa ya jana yaleyale na uso haukuwa wa jana. Mama hakuwa na mshangao huo. Alimzaba Maganga kofi la kulia, kisha la kushoto, kisha la kulia, na yule mtu mkubwa hakuinua mkono.

"Ondoa mikono yako kwa kaka yangu," mama alisema. "Leo hakuna utani. Unanisikia? Umekwisha leo."

Watu waliokuwa karibu walinyamaza. Mimi nilidhani wamenyamaza kwa sababu ya makofi.

Pazia lilianguka. Asubuhi yake hospitalini daktari alisema hivyo kwa maneno yake, na jicho halikuwa na dawa tena. Mama hakulia. Alitoa simu akawapigia wazee wa ukoo Mgeta, akawaambia wateremke, kuna kesi. Hapo ndipo nilipoanza kuelewa kile kimya cha uwanjani. Mtani hashtakiwi na hadaiwi. Ukiumia mikononi mwake umeumia nyumbani. Ila kama utani umekwisha, basi aliyekuumiza ni mtu baki, na mtu baki analipa. Mjomba alimsikiliza mama mpaka akakata simu.

"Dada, umefanya nini?"

"Nimefanya ambalo wewe hutaki kulifanya."

"Sina rafiki mwingine kwenye mchezo huu. Unajua hilo?"

Mama aligeukia dirishani. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kiti kando ya kitanda, nimeshika mguu wa mjomba juu ya shuka, na ndipo Maganga aliposimama mlangoni. Alikuwa amevaa shati la mikono mirefu, limepigwa pasi. Uso ulikuwa umevimba pale alipopigwa makofi. Hakupiga hodi.

Mjomba hakuweza kumwona, macho yote mawili yalifungwa. Akanusa.

"Nani kaleta mbuzi wodini?" alisema kwa nguvu. "Au ni Mnyamwezi?"

Maganga hakujibu.

"Nasema na wewe, mpagazi. Jana umerusha mpira kama bibi anayemfukuza kuku. Umetoka Dar kuja kutupa mawe? Mama yako akisikia atakurudisha tumboni."

Hakujibu. Akaangalia sakafu. Mgonjwa wa kitanda cha pili, mzee wa Kiluguru, aliinuka akakaa ili asikie vizuri.

"Jibu," mjomba alisema. Sauti ilikuwa imebadilika. "Maganga, jibu. Wazee wako njiani. Wakifika wakatukuta hivi, tumekwisha mimi na wewe. Jibu, ndugu yangu."

Mimi niliyekuwa nimemchukia kwa matusi yake nikajikuta namwombea atukane. Tukana, nilimwambia moyoni, tukana, tukana, we mbwa. Mama alikuwa ametupa mgongo, lakini niliona mkono wake umekamata chuma cha dirisha mpaka vifundo vimekuwa vyeupe.

Maganga alivuta pumzi. Ilikatika katikati, akavuta nyingine.

"Nitakuja kukuzika mwenyewe," alisema, na machozi yalikuwa yanashuka tu. "Nitamwambia mchimba kaburi apunguze urefu. Maiti imeletwa pungufu."

Mzee wa kitanda cha pili akasema, "Eeh!"

Mjomba alianza kucheka. Alicheka mpaka akashika bendeji kwa maumivu, akalia kwa kucheka, na muuguzi akaingia akifoka kwamba atamuua mgonjwa wake. Maganga alibaki mlangoni, mikono inaning'inia, hajui aingie au aondoke. Alikuwa anamtazama mama.

Mama akaachia chuma cha dirisha. Kisha akasema, bila kugeuka:

"Mpe mgeni kiti."

Kiti kilikuwa kimoja tu mle ndani, nimekikalia mimi. Nikasimama.